Maji ya ikweta: kweli yanageuka?

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Juzi kati tulipita Nanyuki tukasimama pale kwenye bango la ikweta, jamaa mmoja akatoa beseni lenye tundu akatia maji akaweka na njiti ya kiberiti, upande wa kaskazini njiti ikazunguka kufuata mshale wa saa, tukatembea kama hatua ishirini kwenda kusini ikazunguka kinyume, halafu pale mstarini maji yakashuka tu wima. Watoto walishangaa sana, nikawanunulia na vyeti. Shemeji yangu anasema ni kiinimacho. Nani mkweli?
Baba wa watoto watatu, Arusha

JIBU: Shemeji yuko sahihi kaka, ila jambo lenyewe lipo kweli, halipo tu kwenye beseni. Linaitwa nguvu ya Coriolis, jina la Mfaransa aliyelieleza mwaka 1835. Dunia inazunguka, aliyeko ikweta anabebwa kwenda mashariki kwa kama kilomita 1,670 kwa saa, aliyeko kwenye ncha ya dunia, kaskazini au kusini kabisa, anageuka tu palepale, kwa hiyo upepo ukisafiri mbali lazima ukengeuke. Kile kimbunga Hidaya cha Mei 2024 ukiona picha za setilaiti kilikuwa kinazunguka kufuata mshale wa saa, maana kilikuwa kusini ya ikweta. Vya kaskazini vinazunguka kinyume. Sasa rudi kwenye beseni lako uone, hata upande wenyewe jamaa alikosea!

Halafu hatua ishirini ni nini jamani. Ukiwa mita 20 kutoka mstarini nguvu hiyo ni ndogo kama mara laki tatu kuliko ile ya kwenye ncha, haiwezi kusukuma njiti. Kinachosukuma ni mkono. Mimi nilitoboa beseni la plastiki kwa msumari wa moto nikajaribu jikoni, nikimimina maji yakigonga ukuta wa kulia yanazunguka huku, nikimimina kushoto yanazunguka kule, nikimimina taratibu katikati yanashuka wima, na sikutoka hata hatua moja. Hata ukigeuka mwili huku umelishika beseni maji yanapata mzunguko ambao macho hayauoni mpaka uzibue tundu. Fanya na watoto nyumbani, waache wamimine wenyewe, watafurahi kuliko vile vyeti.

Ukitaka kuiona kweli nguvu ya Coriolis kwenye maji inabidi uwe na subira kama ya Ascher Shapiro wa chuo kikuu cha MIT kule Marekani. Mwaka 1962 alijaza tangi la upana wa karibu mita 1.8, akaliacha limetulia saa 24, akazibua tundu dogo sana, maji yakachukua kama dakika 20 kuisha na mwishoni ndiyo yakaanza kuzunguka kinyume cha saa. Mwaka 1965 wanasayansi wengine wakarudia Sydney, Australia, kusini huko, yakazunguka kufuata saa.

SWALI: Eti ikweta mtu anapungua uzito?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hii ni kweli kabisa dada, ingawa ni kidogo, kama nusu asilimia ukilinganisha na kwenye ncha. Mzunguko wa dunia unakurusha nje kidogo, na pia dunia imefutuka katikati kwa hiyo uko mbali zaidi na kitovu chake, kama kilomita 21 hivi. Mwili haupungui, ni mvuto tu.

Na mwendo huohuo wa dunia kuzunguka ndio unaosaidia roketi, ikirushwa kuelekea mashariki karibu na ikweta inakuwa imeshapata msukumo wa bure. Ndiyo maana Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, na tarehe 12 Desemba 1970 wakarusha pale setilaiti ya NASA iliyopewa jina Uhuru kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa maalumu kwa kuchunguza eksirei za angani, na yale iliyoyaona kwenye Cygnus X-1, chanzo kimoja cha eksirei huko angani, eksirei zikipanda na kushuka haraka mno, yakawa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kabisa kwamba mashimo meusi, yaani vitu vya angani vyenye mvuto mkali mno hata mwanga hautoki, yapo.