CV ilikuwa na kila kitu, ila kazi yangu haikuwemo

CV yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa nne. Tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, shule ya msingi, picha ya pasipoti niliyopigwa na koti la kuazima, na mwishoni wadhamini watatu, mmojawao mtendaji wa kata. Miezi sita nikawa naituma kwenye kampuni za teknolojia za Dar na Nairobi. Kimya.

Siku moja nikamwomba binamu yangu, ambaye kazi yake ni kuajiri watengeneza programu, aisome mbele yangu. Alifika ukurasa wa mwisho chai yangu ikiwa bado inafuka moshi. Akarudi juu, akagusa mstari mmoja: "Nilihusika na utengenezaji wa mfumo wa mauzo."

"Mdogo wangu, mfumo huu ulikuwa wa nani?"

Wa duka la vifaa vya ujenzi Manzese. Nikamsimulia: jioni wakifunga hesabu, ripoti ilichukua dakika 40, karani amekaa anaisubiri huku daladala zinampita. Kumbe programu ilikuwa inapekua jedwali zima la mauzo kila inapotafuta bidhaa moja. Nikaweka indeksi, kama ile faharasa ya nyuma ya kitabu, kwenye kanzidata, yaani ghala la data la programu hiyo; ripoti ikawa haimalizi hata dakika.

"Sasa mbona hayo hujaandika?"

Niliona aibu kuandika habari za misumari na saruji kwenye CV ya kuomba kazi ya kompyuta. Ndiyo hivyo tu.

Tukaandika upya: "Nilipunguza muda wa ripoti ya mauzo kutoka dakika 40 hadi chini ya dakika 1 kwa kuweka indeksi kwenye kanzidata ya MySQL." Baadaye nilikuta Laszlo Bock, aliyewahi kuongoza idara ya rasilimali watu Google, akishauri muundo huohuo: ulitimiza nini, kimepimwaje, ulifanyaje. Huna vipimo? Usitunge, maana kwenye usaili watakubana. Sema mfumo unatumiwa na nani, hata kama ni makarani watatu.

Dini, ndoa na mtendaji wa kata tukavifuta. Zikaenda pia zile pau za rangi zinazodai unajua Python, lugha ya kuandikia programu, asilimia 80. Asilimia 80 ya nini?

Kuna jambo dogo linaloangusha wengi: violezo vya kupendeza vyenye safu mbili. Kampuni nyingi hupitisha maombi kwenye programu inayochambua maandishi, na programu hizo huweza kuchanganya safu hizo, cheo cha kazi kikajikuta kimebandikwa jina la chuo. Nakili CV yako yote, ibandike kwenye Notepad, ile programu ya maandishi matupu, uisome. Ikiwa vurugu kwako, huenda na kwao ni vurugu.

Ukiweka kiungo cha GitHub, tovuti ambako watengeneza programu huweka kazi zao, kifungue wewe kwanza. Changu kilikuwa na miradi 19, mingi ya mafunzo niliyonakili kutoka YouTube. Nikaficha yote, nikabakiza miwili, na kila mmoja nikauandikia maelezo: unafanya nini, unaendeshwaje.

Wiki tatu baadaye nikaitwa usaili. Jamaa wa ufundi hakuniuliza chuo. Alivuta kiti, akasema, "Hebu nieleze hilo duka." Tukaongelea Manzese karibu nusu saa.