Sampuli ya udongo inaharibikia shambani, sio maabara: majibu ya maswali yenu

Maswali ya kupima udongo yamejaa kwenye simu, mengi ya watu wanaoshirikiana na watafiti wa mazingira. Nimechagua haya.

Mwanafunzi, Mtwara Mjini: Tumeambiwa tuchimbe sentimita 0 mpaka 20 halafu 20 mpaka 50. Kwani kina cha jembe hakitoshi?

Hakitoshi mdogo wangu, jembe la wa Newala na la wa Nachingwea hayazami sawa na kaboni, ile inayotokana na mabaki ya mimea yaliyooza, nyingi iko juu kabisa, kwa hiyo ukiishia sentimita 12 shamba lako litaonekana lina kaboni kibao kumbe umechota juu tu. Utaratibu wa kupima hali ya ardhi unaoitwa LDSF, ulioanzia ICRAF, kituo cha utafiti wa kilimo mseto kule Nairobi, unachukua eneo la kilomita 10 kwa 10, ndani yake makundi 16, kila kundi viwanja 10, yaani viwanja 160, na kila kiwanja unachota sehemu 4 unachanganya. Vina ndo hivyo hivyo viwili ulivyoambiwa, uwe Tanzania uwe Ethiopia, ndo maana namba zinaweza kuwekwa meza moja.

Mkulima, Tandahimba: Mwanangu, vijana walikuja kupima wakaniuliza kama napiga salfa, tena wakaandika wamechota chini ya mkorosho au katikati ya mistari. Salfa inawahusu nini?

Shikamoo mzee wangu. Hao vijana wamefundishwa vizuri na mi nimefurahi kusikia hivyo. Salfa mnayopuliza kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, haiishii yote kwenye maua, nyingine inadondoka chini, na bakteria wa kwenye udongo wanaigeuza kuwa asidi, mwaka baada ya mwaka. Sasa huu mchanga wetu wa uwanda wa Makonde hauna nguvu ya kuhimili asidi kama udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo pH, kile kipimo cha asidi ambacho kikishuka asidi imezidi, inashuka kirahisi. Chini ya mti unaweza ukakuta udongo una asidi zaidi kuliko hatua chache tu pembeni, shamba lile lile. Mtu akichota chini ya mti mwaka huu, mwakani mwingine akachota katikati ya mistari, watasema udongo umepona wakati hakuna kilichopona, na wewe utaacha kuweka chokaa. Kwa hiyo wakirudi wasimamie mzee, waulize wanachota wapi na kwa nini, ni haki yako. Na majibu wakuletee, udongo ni wako.

Dada wa Lindi: Nikaushe juani ili iwahi?

Hapana dada, kivulini, tandaza kwenye karatasi safi mbali na jiko na mbolea. Maabara wakitumia oveni huwa hawazidi nyuzi 40. Ile ya nyuzi 105 ni ya kupima maji yaliyomo kwenye udongo na ule uzito wa udongo kwenye ringi ya chuma, ambao bila huo huwezi kusema hekta moja ina tani ngapi za kaboni. Ukishakauka unapondwa taratibu na kupitishwa kwenye chekeche ya milimita 2.

Afisa ugani, Masasi: Sampuli moja, maabara mbili, fosforasi tofauti kabisa. Nani muongo?

Inawezekana hakuna muongo kaka. Olsen, Bray na Mehlich 3 ni dawa tofauti za kuitoa fosforasi kwenye udongo na kila moja inatoa kiasi chake, sa ukilinganisha Olsen ya huku na Mehlich ya kule unajidanganya bure. Hata pH, ukipima kwa maji na ukipima kwa KCl, yaani maji yenye chumvi ya potasiamu, ya KCl kwa kawaida inakuwa chini, na kuna wanaochanganya sehemu 1 ya udongo kwa 2.5 za maji na wengine 1 kwa 5. Ndo maana FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2017 ilianzisha GLOSOLAN, mtandao wa maabara za udongo wa kuoanisha njia za kupima. Usipokee karatasi ya majibu isiyotaja njia, irudishe hata kama umeshalipia, na waulize kama wanapima udongo wa rejea ambao majibu yake yanajulikana kila wanapopima wa kwako.

Ruangwa: Kuna mashine inapima kwa mwanga bila kemikali, ni kweli?

Kweli, ni ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, unasaga udongo laini sana unamulikwa na majibu yanakuja haraka na kwa bei nafuu. Lakini haijui kitu mpaka ifundishwe kwa sampuli zilizopimwa kwa kemikali, na kama kati ya sampuli hizo hamna udongo unaofanana na wa kwenu itabahatisha. Kaboni inaipatia vizuri, fosforasi inayotumika na mmea inaisumbua.

Kilwa: Nibebee kwenye nini?

Changanyia kwenye ndoo ya plastiki, ya bati inaacha zinki. Mfuko mpya, kiroba cha mbolea usiguse kabisa. Nusu kilo inatosha. Lebo andika kwa penseli, wino unafutika ukilowa, weka moja ndani na nyingine nje, uandike kijiji, kina, tarehe na namba za GPS.