Hesabu siku kabla ya kutaja ibara

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya sheria hapa Arusha, najua mnakimbilia wapi mteja akisema amefungiwa tovuti: Ibara ya 19 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ile inayolinda uhuru wa kujieleza. Nami nilikuwa hivyo hivyo.

Kuna mama alitoka Moshi na bahasha ya kaki. Kituo chake kidogo cha habari mtandaoni kilikuwa kimefungiwa. Ndani mlikuwa na barua, na skrinishoti zilizochapishwa vizuri, ila aliyezichapa alikata sehemu ya juu ya picha, pale penye saa na tarehe. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoa miezi miwili tu ya kufungua shauri katika mahakama ya Jumuiya hiyo. Zilikuwa zimebaki siku 11. Nikazimaliza nikisoma hukumu za Strasbourg, yaani za Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Muda ukapita, na katika rufaa ya 2012 iliyohusu Kenya, Mahakama ya Afrika Mashariki ilishasema haina mamlaka ya kuuongeza. Bado naona uso wa yule mama nilipomwambia.

Inauma zaidi kwa sababu mlango ule wa Mahakama ya Afrika Mashariki ni wa thamani. Huhitaji kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Machi 2019 mahakama hiyohiyo ilitamka kuwa vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Ile ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iko mjini hapa hapa, lakini tangu Tanzania ilipoondoa tamko lake la kuruhusu watu binafsi kufungua mashauri huko, taarifa iliyotolewa Novemba 2019, mwananchi wa kawaida hawezi tena kuifikia moja kwa moja.

Swali la kwanza liwe: wametumia sheria ipi? Togo ilizima intaneti mwaka 2017. Mwaka 2020 mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ikaihukumu, kwa kuwa haikuonyesha sheria ya nchi iliyoruhusu jambo hilo. Sheria ikiwepo, ndipo mnahoji lengo lake na ulazima wake.

Siku hizi mteja akiingia, kabla hata ya chai, naandika tarehe ya barua kwenye kalenda ya ukutani. Kisha namwomba afungue tovuti mbele yangu, kwa laini mbili za mitandao tofauti, na kila skrinishoti ioneshe saa.