Mama mzee, hana homa, ila amechanganyikiwa: usingoje homa

Dada uliyeuliza kama mama yako wa miaka 76 anaweza kuwa na korona ilhali hana homa wala kikohozi: ndiyo, anaweza. Nakujibu kwa yale yaliyotupata sisi.

Ilikuwa Juni 2021, korona aina ya delta ikiwa imetuvamia huku magharibi mwa Kenya na kafyu ikianza saa moja jioni. Nyumba yetu Kisumu tuliugua watu watatu. Mdogo wangu wa miaka 22 alipata mafua na kichwa. Omena zikakaangwa mbele yake asisikie harufu, na baada ya siku nne akarudi kazini kwake kama hakuna lililokuwa. Mimi, miaka 38, nilichemka homa ya 39 siku tatu na mifupa ikauma kama niliyetwangwa.

Mama, miaka 73, ana presha na sukari. Hakukohoa. Kipimajoto kilisema 37.2. Alikataa uji tu, akalala mchana kutwa, kisha akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Usiku wa pili akaanguka akienda msalani. Tukasema ni uzee. Na huku kwetu mtu akilegea wa kwanza kushukiwa ni malaria, kwa hiyo kliniki ya karibu ikampa dawa za malaria ingawa kipimo hakikuonyesha chochote. Tukapoteza siku mbili. Hizo siku mbili bado zinaniuma.

Tulipofika hospitali muuguzi alimvisha kidoleni kile kipimo cha oksijeni ya damu: asilimia 84. Mtu mzima huwa 95 kwenda juu, na chini ya 90 ni hali mbaya. Naye mama ameketi, anamuuliza muuguzi ametoka ukoo gani! Hata hakuwa akihema sana.

Daktari alitueleza kwamba kinga ya mzee huchelewa kuamka na mwili wake haupandishi joto kama wa kijana, kwa hiyo kwa mzee hata 37.8 si ya kupuuza. Mara nyingi ugonjwa hujitokeza kwanza kwenye akili, kwenye miguu na kwenye sahani ya chakula. Presha, sukari na ugonjwa wa figo vikiwepo, mapafu yakishambuliwa hakuna akiba ya kutegemea.

Alikaa kwenye oksijeni siku tisa, akilazwa kifudifudi kwa zamu. Alidungwa deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe wa mapafu, nayo ikapandisha sukari, kwa hiyo insulini ikaongezwa. Waambieni mapema kama mgonjwa ana sukari. Kutembea mwenyewe mpaka shambani kulimchukua miezi minne.

Simaanishi vijana wako salama. Wapo waliofariki, hasa wenye sukari, na wapo waliobaki na uchovu wa miezi. Lakini kijana mwili humpigia kelele mapema. Mzee hunyamaza.

Kwa hiyo dada, leo hii tafuta kipimo cha kidoleni. Mfute rangi ya kucha kama anayo, mpashe vidole joto, asubiri dakika moja ametulia. Ikisoma chini ya 94 usilale nyumbani, na ikiwa chini ya 90 ita gari sasa hivi. Hata ikisoma vizuri, kuchanganyikiwa kwa ghafla pekee kunatosha kumpeleka, iwe ni korona au ni kingine. Beba dawa zake zote kwenye mfuko mmoja. Amekula nini tangu jana?