Elementi adimu, na hiyo "kemikali" ya samaki

Msomaji anatafsiri makala ya afya kuhusu samaki wanaoliwa na Wainuiti, wenyeji wa asili wa Nunavik, kaskazini mwa Quebec, Kanada. Anauliza: seleni, zinki na zebaki zilizomo ndani ya samaki hao aziite "madini adimu" au "elementi za kiasi kidogo"?

Andika "elementi za kiasi kidogo". Neno adimu limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kukosekana, na zinki haikosekani duniani; imo kidogo tu ndani ya samaki. Isitoshe, "madini adimu" yamekwisha kupewa kazi nyingine, ile ya sumaku za simu na magari ya umeme. Swali limekwisha.

Kilichonichefua ni sentensi aliyoambatanisha: "Samaki hao wana kemikali, hivyo waondolewe ngozi na mafuta kabla ya kupikwa." Kemikali! Maji ni kemikali. Chumvi unayompaka samaki ni kemikali. Neno hili limekuwa gunia: mwandishi asiyetaka kukitaja kitu hukitumbukiza humo. Na hapa uvivu huo unapotosha mpishi. PCB, zile sumu zenye klorini zilizotengenezwa viwandani, huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo ukiyaondoa pamoja na ngozi umezipunguza. Zebaki haiko huko. Bakteria wa kwenye matope huigeuza kuwa methili-zebaki, nayo ikiingia kwa samaki hung'ang'ania protini ya mnofu wenyewe. Kata mafuta upendavyo, chemsha, kaanga: imo. Tena samaki akikaushwa hupoteza maji, na kila gramu inayobaki hubeba zebaki zaidi. Kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, nayo hujilimbikiza kwenye ini na figo. Sasa huyo msomaji wa "kemikali" aondoe nini, aache nini?

Ataje elementi gani, samaki yupi, sehemu ipi, kiasi gani kwa kilo. Iqaluppik, ndugu wa salmoni anayeshuka baharini kula kisha akarudi mtoni, kwa kawaida ana zebaki kidogo. Trauti wa ziwani, mla samaki wenzake anayeishi miaka mingi, huwa nayo nyingi. Kikomo cha Kanada kwa samaki wengi wa dukani ni miligramu 0.5 za zebaki kwa kilo. Na humohumo kwenye mnofu mna seleni, ambayo mwili unaihitaji. Nayo tuikimbie?

"Waeskimo" aliyoandika kwenye kichwa cha makala alifute. Ni jina la zamani la Wainuiti, na wengi wao hawalipendi. "Adimu" nikilikuta limechapwa nitalipita kimya, nimezoea. "Kemikali" bila jina nitaikata kwa wino mwekundu.