Je, ni kosa kuiona imani yangu katika mabadiliko ya majira?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Tangu utoto wangu, majira yanapogeuka moyo wangu humwelekea Mungu. Miti ikipukutisha majani nawaza habari za kuuvua utu wa kale. Ikichipua nawaza ufufuo. Nilipolishuhudia hilo katika kikundi chetu cha maombi, ndugu mmoja alinikemea kwamba kuangalia majira ni mambo ya wapagani, na Mkristo anatoshelezwa na Neno. Nimefadhaika. Tena kuna jambo sikulisema pale: imani yangu siku hizi imekauka, nami najiambia ni kiangazi tu, kitapita. Je, nimekosea? Na nikitenga siku ya kumshukuru Mungu kila majira yanapobadilika, ni dhambi?

JIBU: Amina, dada yangu. Umeuliza mambo matatu, na lile ulilolitaja kwa haraka katikati ndilo linalonigusa zaidi. Nitalifikia.

Hofu ya ndugu yako haikuzuka hivi hivi. Wakanaani walimwabudu Baali kama mwenye mvua na dhoruba, na Israeli walipomfuata, Mungu alizifunga mbingu siku za Eliya, hata ijulikane mvua ni ya nani (1 Wafalme 17 na 18). Torati pia inakataza kuliinamia jua, mwezi na nyota (Kumbukumbu la Torati 4:19). Lakini kinachokatazwa ni kuabudu. Kutazama ni jambo jingine, na Neno hilo hilo linatutuma tukatazame. Mianga ya mbinguni iliwekwa iwe "dalili na majira na siku na miaka" (Mwanzo 1:14). Baada ya gharika Mungu akaahidi: "Muda nchi idumupo, majira ya kupanda, na mavuno, wakati wa baridi na hari, wakati wa kaskazi na kusi, mchana na usiku, havitakoma" (Mwanzo 8:22). Soma na mstari unaoutangulia. Hapo Mungu anasema mawazo ya moyo wa mwanadamu ni mabaya tangu ujana wake, kisha ndipo anatoa ahadi hii. Kwa hiyo kila mavuno yanayoiva, yanaiva kwa watu wasiostahili.

Wengine huona kwamba sayansi imeliondoa fumbo hili. Tunajua mhimili wa dunia umeinama kwa takriban nyuzi 23.5, na kwa mwinamo huo nusu moja ya dunia hupata jua zaidi, kisha nyingine. Si suala la umbali, kwani dunia hulikaribia jua zaidi mapema mwezi Januari, wakati nchi za kaskazini ziko kwenye baridi kali. Mimi maelezo hayo huniongezea shukrani. Yananionyesha ahadi ya Nuhu inatimizwa kwa njia gani. Kwa nini ilitolewa, hilo naliuliza Maandiko.

Mwambie ndugu yako asome Matendo 14. Watu wa Listra walimwona kiwete ameponywa, wakataka kuwatolea Paulo na Barnaba dhabihu wakiwaita miungu yao. Hawakuwa na Torati wala Manabii, na mitume hawakuanza huko. Walisema Mungu aliye hai "hakujiacha pasipo ushuhuda", kwa kuwa aliwapa mvua kutoka mbinguni na nyakati za mavuno. Mitume waliyatumia majira kuwatoa watu kwenye sanamu! Basi ulipomshukuru Mungu kwa ajili ya majira hukukosea.

Ila ufufuo naomba uutenge kidogo. Mti uliopukutisha majani haukufa. Uhai umejificha ndani yake. Bwana wetu alikufa kweli, akazikwa, na kaburi halina msimu wa kuchipua. Tena Pasaka, kwa hesabu ya makanisa ya Magharibi, ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au unaofuata tarehe hiyo, hivyo huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Kaskazini mwa dunia miti inachipua, lakini kusini, penye miti ya kupukutika, majani yanaanguka. Je, Kristo amefufuka nusu huko? Majira huzunguka na kurudia yale yale, naye, asema Paulo, "akiisha kufufuka katika wafu hafi tena" (Warumi 6:9). Askofu Augustino wa Hippo, mwanzoni mwa karne ya 5, aliwajibu kwa hoja hiyo wanafalsafa waliofundisha kwamba ulimwengu unazunguka milele bila kufika popote: Kristo alikufa mara moja.

Ukitaka picha ya shambani kwa ajili ya ufufuo, chukua ile ya mtume mwenyewe: Kristo ni "limbuko lao waliolala" (1 Wakorintho 15:20). Katika Walawi 23 kuhani aliutikisa mganda wa kwanza mbele za Bwana, siku iliyofuata Sabato. Wakati anautikisa, shamba lilikuwa bado limesimama likingoja mundu. Mganda ule ulitoka katika shamba lile lile, ukaja kusema kwamba mengine yanafuata. Yesu alifufuka siku ya kwanza ya juma, na sisi, pamoja na wapendwa wetu waliolala katika yeye, ndio shamba lililobaki. Nimehubiri jambo hili makaburini mara nyingi, na bado linanitetemesha.

Sasa kiangazi chako. Siku hizi tumezoea kuambiana "uko kwenye msimu, utapita", nami sipendi maneno hayo yanavyotumika. Kiangazi cha nchi hupita hata ukilala. Moyo hauna sheria hiyo. Kanisa la Efeso lilipouacha upendo wake wa kwanza, Bwana hakuliambia lingoje, alisema, "kumbuka ni wapi ulikoanguka, ukatubu, ukayafanye matendo ya kwanza" (Ufunuo 2:5). Na Yeremia alisikia kilio cha waliongoja tu: "Mavuno yamepita, wakati wa hari umekwisha, wala sisi hatukuokoka" (Yeremia 8:20).

Lakini sisemi kila ukavu ni dhambi. Mwenye Zaburi ya 42 alikuwa mkavu kabisa, na bado alikuwa akimtafuta Mungu kama ayala atafutavyo maji. Habakuki aliona mtini hauchanui na mazizi hayana ng'ombe, akasema atamfurahia Bwana. Basi jichunguze mbele za Mungu. Je, kuna dhambi unayoifunika, mtu uliyekataa kumsamehe, maombi uliyoyaacha kwa uvivu? Kama yapo, usingoje mvua. Tubu leo. Kama hayapo, na bado una kiu, hujaachwa. Tazama mti wa Zaburi ya 1: unazaa matunda "kwa majira yake", lakini jani lake halinyauki, kwa sababu mizizi iko kwenye maji mwaka mzima. Kukosa tunda mwezi huu si lazima iwe kosa. Ukiliacha Neno na sala kwa sababu huonji utamu wake, hapo ndipo unajing'oa kandokando ya kijito. Soma hata kama ni mistari michache, sali hata kama ni kwa maneno ya Zaburi, shiriki Meza ya Bwana.

Umesema jambo hili hukulisema kwenye kikundi. Liseme, dada yangu, angalau kwa mwanamke mmoja mcha Mungu unayemwamini. Paulo akiwa kifungoni alimwomba Timotheo amletee joho lake, kisha akaongeza: "Jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi" (2 Timotheo 4:21). Mtume huyo mkuu hakuona haya kuhitaji nguo na rafiki. Na kama ukavu huu umekuondolea usingizi na hamu ya chakula kwa majuma kadhaa, mwone daktari pia. Eliya alipoomba afe, malaika alimpa kwanza mkate na maji, akamwacha alale tena (1 Wafalme 19:5-8).

La siku ya shukrani ni jepesi. Paulo aliwaonya Wagalatia walioshika siku na miezi kana kwamba ndiyo inayowahesabia haki (Wagalatia 4:10-11), lakini kwa Warumi akasema aadhimishaye siku na aiadhimishe kwa Bwana (Warumi 14:6). Kwa hiyo tenga siku yako, usimlazimishe mwingine, wala usidhani imekuongezea wokovu. Sikukuu za Israeli nazo zilifuata shamba: Majuma wakati wa malimbuko ya ngano, Vibanda baada ya kukusanya mazao. Na katika Vibanda kulikuwa na agizo ambalo ningependa uliingize katika mpango wako tangu sasa: yatima, mjane na mgeni walipaswa kufurahi pamoja na mwenye mazao (Kumbukumbu la Torati 16:14). Andika majina yao kabla hujachagua tarehe.