Konzi ya tatu ya udongo

Mkuu, umeuliza mambo mawili: Mkristo akisema ana tumaini, ana nini ambacho asiyeamini Mungu hana? Na mtu aliyekwisha kuacha imani, akitaka kurudi, aanzie wapi? Wadau wengi wamekujibu "wewe amini tu". Kwa mtu ambaye tatizo lake ni kutoamini, hilo si jibu.

Kwanza tusimwonee asiyeamini. Anapenda watoto wake, anachangia misiba, anakataa rushwa, pengine kuliko mzee wa kanisa. Matumaini anayo pia: ugonjwa utapata dawa, wanawe watasoma, nchi itatengemaa. Ukitafuta tofauti huko utashindwa mjadala asubuhi na mapema.

Tofauti iko kaburini. Kwenye maziko ya Kilutheri mchungaji hutupia udongo juu ya jeneza mara tatu. Konzi ya kwanza: umetoka mavumbini. Ya pili: mavumbini utarudi. Ya tatu: utafufuliwa. Zile mbili za mwanzo asiyeamini anazipokea bila shida, ugomvi wote uko kwenye ya tatu. Iondoe hiyo, halafu mfikirie mtoto aliyekufa kwa njaa kule Shakahola, Kilifi nchini Kenya, ambako waumini walifungishwa hadi kufa, mambo yaliyofichuka mwaka 2023. Wahusika wanaweza kushtakiwa, serikali ikabadili sheria, sisi tuliobaki tukapata funzo. Yeye mwenyewe hapati chochote, faili lake limefungwa. Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell, ambaye hakuamini, aliandika mwaka 1903 kwamba makao ya roho hayana budi kujengwa juu ya msingi wa kukata tamaa. Namheshimu kwa kutopaka rangi. Mkristo anadai kwamba hata huyo mtoto bado ana siku yake.

Ila usiipime imani kwa swali la "itanifariji?". Uongo nao unafariji. Hao wa Shakahola walifunga hadi kufa wakitumaini kukutana na Yesu, na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa. Swali la kuuliza ni kama ile konzi ya tatu ina kitu nyuma yake. Paulo hakwepi: katika 1 Wakorintho 15:14 anasema kama Kristo hakufufuka, mahubiri ni bure na imani ni bure. Kabla ya hapo ametaja mashahidi: Kefa (yaani Petro), wale Thenashara (mitume kumi na wawili), ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, Yakobo, na anaongeza kwamba wengi wa hao 500 bado wako hai. Barua hiyo ni ya miaka ya 50, yaani miaka ishirini na kitu baada ya msalaba, wakati mtu mwenye mashaka alikuwa bado na wa kumwuliza. Wasioamini wana majibu yao, kwamba waliona maono au habari ilikua ikisimuliwa. Yasikilize, uyapime. Angalau hapo mnabishana juu ya jambo lenyewe.

Sasa kuanza. Usianzie Mwanzo, wengi hukwama Walawi. Soma hiyo 1 Wakorintho 15 yote, aya 58, kwa sauti, kikao kimoja. Halafu Marko, sura moja kwa siku, siku 16. Nakala za kale kabisa zinaishia 16:8, wanawake wakikimbia kutoka kaburini kwa hofu, kwa hiyo usidhani hofu yako ni dalili ya kukosa imani.

Maombi ndiyo yanayowashinda wengi, kwa sababu wanaanza na shukrani wakati moyoni kuna hasira. Tumia Zaburi 13, ina aya sita tu. Aya ya 1 na 2 ni malalamiko, "hata lini" mara nne. Ya 3 na 4 ni ombi. Ya 5 na 6 ni kutumaini. Andika yako kwa mpangilio huo, dakika kumi zinatosha. Ukishindwa kufika sehemu ya mwisho, acha hapo hapo bila kujilazimisha. Zaburi 88 nayo inaishia gizani, na hakuna aliyeiondoa kwenye Biblia. Kuruka malalamiko ndiko kunakozaa ule Ukristo wa "nimebarikiwa" unaovunjika kwenye msiba wa kwanza.

Jihadhari na anayekuuzia tumaini kwa chupa: mafuta ya upako, maji, "panda mbegu" (yaani toa pesa ili ubarikiwe). Jambo lisipotokea utaambiwa imani yako ni haba, na hapo ndipo watu wengi hutoka kanisani moja kwa moja. Na kama utupu wako unakuja na kukosa usingizi wiki kadhaa, au mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali leo. Dawa na maombi havigombani.

Tafuta jumuiya ndogo inayokutana nyumbani, watu kumi au kumi na tano, si uwanja wenye spika. Siku ya kwanza mwambie kiongozi wazi kwamba una mashaka. Akikujibu "usihoji", shukuru kwa chai, utafute nyingine. Akikusomea Marko 9:24, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", rudi wiki ijayo. Ukikosa kusoma siku tatu, usianze upya, endelea pale ulipoachia.